Je, Wajua? Mbuzi Aliyejificha Ndani ya Nazi

Je, wajua kwamba ndani ya nazi mna mbuzi? Sisemi ile mbuzi ya kukunia, yenye ulimi wa chuma. Nasema mbuzi hasa, wa ndevu na pembe. Asidi tatu za mafuta zilizomo kwenye mafuta ya nazi, yaani kaproiki, kapriliki na kapriki, zote zimebatizwa kwa neno la Kilatini la mbuzi. Ukizitenga na kuzinusa utajua sababu: ni beberu mtupu!

Mbili kati ya hizo alizitambua Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwanzoni mwa karne ya 19, alipokuwa akichambua siagi na mafuta ya wanyama. Mzee huyo alizaliwa mwaka 1786, akafariki mwaka 1889. Piga hesabu mwenyewe: miaka 102, na mingi aliitumia kuchungulia mafuta.

Unajua kinachozitofautisha na mafuta mengine? Urefu tu! Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Zile za alizeti na mawese nyingi zina kaboni 16 au 18. Hizi za mbuzi zina 6, 8 na 10, na jirani yao lauriki ana 12. Ndiyo maana huitwa mafuta ya mnyororo wa kati, na dunia nzima imezoea kuyaita MCT. Ukiona chupa imeandikwa C8, hiyo 8 ni idadi ya kaboni. Usije ukadhani ni toleo la nane.

Sasa jishike kichwa. Humo ndani mna mlaji wa kilo 1.4 hivi, yaani asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini anakula asilimia 20 ya nishati yako yote hata ukiwa umejilaza. Kwa siku anamaliza glukosi gramu 120 hivi. Hiyo ni sawa na vijiko 30 vya chai vya sukari, kila siku ya Mungu!

Na ajabu iko hapa: ukiukausha ubongo maji yote, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Ila ubongo huo huo hauwezi kuchoma mafuta ya kawaida kama kuni. Mtu wa kilo 70 anatembea na kalori 100,000 na ushee zilizolala tumboni na mapajani, na ubongo unazitazama kwa mbali kama mtoto anayechungulia duka lililofungwa.

Akiba ya sukari kwenye ini je? Gramu 100 tu, hapo hapo. Kaa siku nzima bila kula, imekwisha. Hapo ndipo ini linapotoa ujuzi wake: linayakatakata mafuta kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka kwenye maji, linavitia kwenye damu, na ubongo unavipokea kwa mikono miwili. Vipande hivyo ndivyo ketoni. Vikishaongezeka kwenye damu, tunasema mtu ameingia ketosisi.

Halafu sikia hili: ini lenyewe haliwezi kula ketoni! Halina kimeng'enya cha kuzitumia. Ni mpishi wa shughuli anayepakulia ukumbi mzima na kurudi kwake na njaa.

Ketoni ziko tatu. Moja ni asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha; ndiyo inayompa mfungaji wa siku nyingi ile pumzi ya saluni. Ya pili ni asetoasetati. Ya tatu, iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, inaitwa beta-haidroksibutireti, na wanakemia wanakiri kwamba kwa muundo wake si ketoni kabisa. Imepewa jina kwa ujirani tu, kama nyangumi anavyoitwa samaki.

Na vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo ili kupima ketoni? Havimwoni huyo mkubwa hata kidogo! Vinamkamata asetoasetati peke yake.

Kwa miaka mingi ketoni zilionekana takataka. Zilikuwa zimegunduliwa kwenye mkojo wa wagonjwa wa kisukari waliozidiwa, basi zikapata jina baya, na kila mtu akaamini kwamba ubongo hauli chochote ila sukari. Mpaka mwaka 1967. Huko Boston, George Cahill na wenzake walichukua wagonjwa 3 wanene waliokuwa wakifunga hospitalini kwa wiki 5 hadi 6 chini ya uangalizi, wakapitisha mirija myembamba kupima damu inayoingia kichwani na inayotoka. Hebu fikiria mtu mwenye mwezi na zaidi bila chakula, amelala na mrija shingoni, akizungumza vizuri tu na madaktari. Anaendeshwa na nini? Walipopiga hesabu walikuta karibu theluthi mbili ya nishati ya ubongo inatoka kwenye ketoni. Takataka ndizo zilizokuwa chakula!

Unataka la kutisha zaidi? Mwaka 1972 watafiti wengine Marekani waliwachoma insulini watu 9 waliokuwa wamefunga kwa miezi 2 hivi. Sukari ya damu ikashuka kwa baadhi yao hadi milimoli 0.5 kwa lita, wakati ya kwako asubuhi iko kati ya 4 na 5.5. Kwa kawaida hapo mtu ni wa kuzimia na hata kufa. Wao hawakuonyesha dalili, kwa sababu ubongo ulikuwa umeshahamia jiko jingine. Jaribio hilo leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelipitisha, na wewe usilifikirie hata ndotoni.

Rekodi ya kufunga? Angus Barbieri wa Scotland, siku 382! Kati ya mwaka 1965 na 1966 aliishi kwa maji, chai, kahawa na vitamini, madaktari wa Dundee wakimfuatilia, akashuka kutoka kilo 207 hadi 82. Sisi huku tukikosa chai ya saa nne tunanuna.

Mfungaji wa Ramadhani huku kwetu karibu na ikweta hukaa saa 13 na ushee. Jioni, kabla ya adhana, ketoni zake zimeinua kichwa kidogo tu. Futari ikiingia, zinajificha tena. Bingwa wa kweli wa ketosisi ni kichanga. Katika siku zake za kwanza duniani ubongo wake unakula ketoni kwa furaha, na maziwa ya mama yanakuja na kapriki na lauriki zake ndani. Wewe uliwahi kutumia MCT kabla hujajua kukaa!

Hadithi ya ketosisi na ubongo ilianza na kifafa. Mwaka 1911 madaktari Guelpa na Marie wa Paris waliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wao wa kifafa walitulia walipofungishwa. Lakini nani atafunga maisha yake yote? Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic akaja na ujanja: mpe mgonjwa mafuta mengi na wanga kiduchu, mwili utadhani umefunga. Ndivyo ilivyozaliwa lishe ya ketoni.

Hiyo lishe ya asili inatoa karibu asilimia 90 ya nishati kutoka kwenye mafuta. Asilimia 90! Chukua sahani yako ya ugali na samaki, ondoa ugali wote, ondoa karibu samaki mzima, kisha mimina mafuta. Sasa mwambie mtoto wa miaka 5 ale.

Mwaka 1971 Peter Huttenlocher akamhurumia mtoto huyo. Badala ya mafuta ya kawaida alitumia MCT, ambayo huzaa ketoni nyingi zaidi kwa kijiko kile kile. Hivyo MCT ikachukua asilimia 60 hivi ya nishati, na pakapatikana nafasi ya matunda, mkate kidogo na kipande cha nyama kinachoonekana kwa macho.

Inafanya kazi lakini? London, mwaka 2008, watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimewashinda walihusishwa kwenye jaribio. Baada ya miezi 3, asilimia 38 ya waliopewa lishe ya ketoni walikuwa wamepunguza degedege zao kwa zaidi ya nusu. Kwa wale waliosubiri bila lishe, ni asilimia 6 tu. Na mwaka uliofuata watafiti hao wakaonyesha kwamba lishe ya MCT haipitwi na ile ya asili. Ila hii ni tiba ya hospitali, ina mtaalamu wa lishe na mizani. Mama asimwanzishie mtoto nyumbani kwa sababu ya alichosikia kwa shoga yake.

Na je, wajua kwamba dawa maarufu ya kifafa, valproeti, ina atomi sawasawa na kapriliki? Kaboni 8, haidrojeni 16, oksijeni 2, zimepangwa kivingine tu! Ilitengenezwa mwaka 1882, ikakaa maabara miaka 80 ikitumika kuyeyushia vitu vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa Pierre Eymard aliyeyushia dawa zake humo, akashangaa kuona kila anachojaribu kinazuia kifafa. Kumbe si dawa, ni kiyeyushi! Anayetumia valproeti asiguse MCT bila kumwambia daktari wake, maana zote mbili zinaelekea kwenye ini lile lile.

MCT ina haraka gani? Mafuta ya chapati yako yakishameng'enywa hayaingii kwenye damu moja kwa moja. Yanafungwa vifurushi, yanapita mishipa ya limfu, yanapanda kifuani na kumwagikia kwenye damu karibu na bega la kushoto. Safari ya saa kadhaa. MCT haina habari na hiyo njia ya mzunguko: inaingia mshipa unaotoka utumboni hadi kwenye ini, na ndani ya saa 1 au 2 ketoni zimeshapanda. Ni bodaboda kwenye foleni ya malori.

Kwa ujanja huo MCT inamfaa mgonjwa ambaye huenda unamjua. Watu wa pwani tunayafahamu matende na mabusha: minyoo inayoletwa na mbu inaziba mishipa ya limfu. Kuna wagonjwa ambao mishipa hiyo ikipasuka, mafuta ya chakula yanavujia kwenye kibofu, na mkojo unatoka mweupe kama tui! Madaktari huwapunguzia mafuta ya kawaida na kuwapa MCT, kwa kuwa haipiti kwenye bomba lililotoboka.

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoibiwa. "Mafuta ya nazi ndiyo MCT," atakuambia muuzaji. Siyo! Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni lauriki, yule wa kaboni 12, na yeye, ingawa kwenye orodha anaitwa wa kati, tabia zake ni za mrefu: sehemu yake kubwa inafuata foleni ya limfu. C8 ni asilimia 7 hivi, na C10 ni 6. Kijiko kizima cha mezani cha mafuta ya nazi kina C8 gramu 1. Ukitaka kupata C8 iliyomo kwenye kijiko kimoja cha mafuta ya C8 tupu, itabidi unywe vijiko 14 vya mafuta ya nazi!

Kwa hiyo geuza chupa usome nyuma. Ukikuta lauriki imetajwa kwa fahari, umenunua nazi kwa bei ya dhahabu. Anayezaa ketoni nyingi kuliko wote ni C8, akifuatiwa na C10.

Kuna kipimo cha bure cha kutofautisha MCT na mafuta ya nazi. Weka chupa zote mbili mahali pa baridi: mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Lushoto asubuhi unayachokoa kwa kijiko. MCT halisi unaitoa kwenye friji na bado inamiminika kama maji.

Nani asiyejua mafuta ya nazi ya nyumbani? Unakuna, unakamua kasimile, unaweka jikoni moto wa taratibu, maji yanakauka, sufuria inaanza kunong'ona, na mafuta yanajitenga juu ya mabaki ya kahawia ambayo watoto wanayagombania. MCT ya dukani inaanzia hapo hapo, kisha kiwanda kinatenganisha asidi zake na kuziunganisha upya, zile fupi peke yake. Nyingine hutoka kwenye kokwa za michikichi, yale mafuta ambayo Kigoma huitwa ya mise. Mawese mekundu ya nyama ya chikichi hayana MCT ya kutajwa. Mti mmoja, tunda moja, mafuta mawili yasiyofanana!

Haya, kijiko sasa. Kijiko kimoja cha mezani cha MCT ni gramu 14, na kalori 115 hivi. Anza na kijiko kimoja cha CHAI, pamoja na chakula, ukae nacho siku kadhaa kabla hujaongeza. Nimeandika "chai" kwa herufi kubwa kwa sababu maalumu. Mimi nilianza na viwili vya mezani, tumbo tupu, saa 12 asubuhi, kisha nikapanda daladala ya Mbagala. Nilishuka vituo vinne kabla ya kituo changu, na mwenye mgahawa aliyenionyesha choo bila kuuliza swali namwombea mpaka leo.

Usinicheke peke yangu. Watafiti waliwapa waendesha baiskeli gramu 85 hivi za MCT wakitumaini watapaa; mbio za mwisho wakawa wa polepole kuliko walivyokuwa kwa maji matamu, matumbo yakiwasokota. Kuharisha, kichefuchefu na msokoto ndiyo madhara makubwa ya mafuta haya, na yote yanafuata kiasi na haraka.

Na usiyakaangie! Yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi 160 hivi, kabla samaki wako hajapiga rangi. Yamwage juu ya chakula kilichoiva, au uyakoroge kwenye uji, mtindi au kahawa.

Lakini usiyatie kwenye vile vikombe vyeupe vya povu! MCT hulainisha na hata kuvunja baadhi ya plastiki. Wanaoitoa hospitalini huambiwa watumie kioo au chuma. Mafuta ya kula yanayokula kikombe, uliyasikia wapi?

Kijiko kimoja au viwili vitakufikisha wapi? Ketoni za damu za mtu aliyekula vizuri ziko chini ya milimoli 0.5 kwa lita. MCT peke yake, ukiendelea na wali wako, inakupandisha hadi karibu na hapo, au kidogo juu yake. Lishe kali ya ketoni inafika kati ya 0.5 na 3. Mfungaji wa wiki nyingi anafika 5 hadi 7. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini anaweza kupita 10 huku damu ikigeuka tindikali, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali sasa hivi. Ketoni ni zile zile; kilichotofautiana ni breki, na breki yenyewe ni insulini.

Ndiyo maana mwenye kisukari aina ya 1 hachezi na mambo haya peke yake. Anayemeza dawa za kisukari ambazo majina yake yanaishia na "gliflozin" naye asogee karibu asikie: dawa hizo zinaweza kuleta tindikali ya ketoni hata sukari ikiwa inasoma vizuri tu kwenye kipimo! Mwenye ini lililojaa makovu aiache MCT, kwa kuwa kiwanda chenyewe kimeharibika. Mjamzito na anayenyonyesha wasiingie ketosisi kwa kujitakia. Na kuna watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kukatia minyororo hii ya kati. Kwao kijiko cha MCT ni sumu.

Pia huwezi kuishi kwa MCT pekee. Haina hata tone la zile asidi mbili za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, zinazopatikana kwenye alizeti na soya. Nayo mafuta ya nazi ya kawaida yana asilimia 82 ya mafuta mgando, wakati siagi ina 63 na mafuta ya nguruwe 39! Chama cha Moyo cha Marekani kilipotoa namba hizo mwaka 2017, wapenda nazi duniani walipiga kelele kama wameibiwa mnazi.

Tuje kwa wazee wetu wanaosahau. Ubongo wenye Alzheimer hushindwa taratibu kutumia sukari, lakini uwezo wake wa kutumia ketoni unabaki! Huko Sherbrooke, Kanada, wazee walioanza kupoteza kumbukumbu walipewa MCT gramu 30 kwa siku kwa miezi 6. Picha za ubongo zikaonyesha nishati inayotokana na ketoni imepanda zaidi ya mara mbili, na baadhi ya majaribio ya kumbukumbu na ya kutaja majina yakaenda vizuri zaidi.

Usikimbilie dukani bado. Jaribio kubwa la Marekani lenye wagonjwa zaidi ya 400 wa Alzheimer, waliotumia mafuta ya C8, halikuonyesha nafuu yoyote ya maana mwaka 2017. Kwa hiyo anayekuuzia chupa akisema inaponya usahaulifu, mwulize kama na yeye amesahau hilo.

Kahawa je? Watafiti wale wale wa Sherbrooke waliwapa watu 10 kafeini pamoja na kifungua kinywa, ketoni zikapanda karibu maradufu bila tone la MCT. Wazee wa barazani, na kahawa yenu chungu na kashata, mlikuwa mnajua nini ambacho hamkutuambia?

Rudi kwa mbuzi wetu. Mwaka 1999 Wajapani waligundua homoni inayokuambia "nina njaa", inayotoka tumboni. Haifanyi kazi mpaka ibandikwe asidi ya mafuta, na si yoyote: inataka ile ya kaboni 8, kapriliki! Mwaka 2008 maabara ya Brown na Goldstein kule Texas ikakipata kimeng'enya kinachoibandika, wakakifupisha jina kwa herufi nne. Zisome kwa Kiingereza: GOAT. Mbuzi tena!

Hata mbwa wamo. Mwaka 2010 mbwa wazee 24 wa aina ya beagle walilishwa kwa miezi 8, nusu yao chakula chenye MCT asilimia 5.5. Waliokula MCT waliwashinda wenzao kwenye mitihani ya akili. Mbwa wazee, mitihani!

Na chukua chupa ya losheni yako sasa hivi, soma viambato. Kuna uwezekano mkubwa utakuta maneno yanayoanza na "Capr". Umekuwa ukijipaka MCT miaka yote.

Ila kwangu mimi, la tembo linayapita yote. Mafuta ya maziwa ya tembo yametawaliwa na minyororo hii ya kati, hasa kapriki. Daphne Sheldrick wa Kenya hakuwa na habari hiyo kwa miaka mingi alipokuwa akijaribu kuwalea watoto wa tembo walioachwa yatima na majangili. Aliwapa maziwa ya ng'ombe, wakaharisha, wakadhoofu, wakafa, mmoja baada ya mwingine. Alijaribu kuongeza hiki na kupunguza kile. Mwaka 1974 akapata kichanga cha siku chache, akamwita Aisha, na safari hii akampa maziwa ya makopo ya watoto wa binadamu yaliyochanganywa mafuta ya nazi. Aisha akasimama! Akanenepa, akamfuata Daphne kila aendako, mkonga ukimshika sketi. Aliishi miezi 6, na hakufa kwa maziwa: Daphne alisafiri kwenda kwenye harusi ya bintiye, na mtoto akagoma kula kwa majonzi. Tangu hapo mamia ya yatima wamekua kwa chupa zilizotokana na ugunduzi ule, na sasa wengine wanarudi kutoka porini Tsavo na watoto wao wenyewe. Fikiria: mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, na kilichomwokoa ni nazi.

Na anayemkaribia tembo? Sungura! Karibu nusu ya mafuta ya maziwa yake ni C8 na C10. Mkamue, kisha uniambie umepata vijiko vingapi.